Kumwandaa dereva wa gari la chuo kikuu, kutoka leseni hadi funguo

Msimu wa safari za masomo ukikaribia, ofisi za uchukuzi za vyuo vikuu vya huku kwetu, iwe Maseno, Kakamega au Njoro, hujaa watu wenye ombi lile lile. Mhadhiri anataka kuendesha pikapu ya idara mwenyewe hadi Bondo. Kijana aliyezoea lori la miwa anaomba basi la wanafunzi. Juzi nimemsaidia dereva mmoja hapa Kisumu tangu makaratasi hadi jaribio la barabarani, nami nimeona niandike utaratibu mzima ili mwingine asizungushwe.

Hatua ya 1: Anza na gari, si dereva

Wengi huanza kwa kuuliza, "Ana leseni ya miaka mingapi?" Swali hilo lisubiri. Toa logbuku ya gari (cheti chake cha usajili), tazama idadi ya abiria iliyoandikwa humo, ndipo uitazame leseni.

Vurugu yote hutokana na herufi za zamani. Katika kile kijitabu chekundu cha leseni ya zamani, A ilikuwa ya magari ya abiria, B malori makubwa, C magari mepesi ya biashara, E gari dogo. Mpaka leo matangazo ya kazi huandika "awe na BCE". Leseni mpya ya kadi inasema lugha nyingine. B1 ni gari dogo la otomatiki peke yake. B2 ni gari dogo la gia za mkono. Familia ya C ni malori. Familia ya D ndiyo ya abiria: D1 ni gari la abiria wasiozidi 14, D2 ni basi dogo la abiria hadi 32, na D3 ni basi la abiria 33 na zaidi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hupoteza siku nzima.

BCE haimpi mtu D. Dereva aliyebeba miwa ya Muhoroni miaka na mikaka hapandi basi la viti 51 eti kwa sababu lori lake lilikuwa zito zaidi. Basi limebeba watoto wa watu, na sheria inataka apimwe kwa kazi hiyo.

Usihesabu watakaosafiri, hesabu viti. Coaster, yaani basi dogo, ya viti 29 ikipeleka wanafunzi 9 Homa Bay bado inataka D2. Nimesikia hoja ya "lakini tuko wachache" mara nyingi, na kila mara jibu ni hapana.

B1 ni mtego. Vijana wengi siku hizi hujifunza kwa otomatiki kwa kuwa ni rahisi, kisha wanapewa pikapu ya gia za mkono. Kadi inaonekana sawa mpaka uisome kwa karibu. Ukiniuliza, kila anayejifunza udereva ajifunze kwa gia za mkono, hata kama nyumbani kwao kuna otomatiki tupu.

Usikubali picha ya leseni iliyotumwa kwa simu. Keti na dereva, afungue akaunti yake ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) mbele yako, mwone madaraja ya leseni, yaani zile B2, D1 na nyinginezo, yaliyo hai na tarehe ya mwisho. Huduma za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, zilihama kutoka mfumo wake wa zamani wa TIMS kwenda eCitizen mwaka 2023, kwa hiyo mwenye leseni ya siku nyingi akague daraja moja moja kama yote aliyokuwa nayo yanaonekana. Linganisha pia majina na kitambulisho cha taifa. Kitambulisho kikiwa na majina matatu na leseni mawili, rekebisheni mapema, si asubuhi ya safari.

Daraja likikosekana, barua ya mkuu wa idara haiwezi kuliziba. Dereva aende shule ya udereva, apate PDL (leseni ya muda ya anayejifunza), afanye mtihani. Na tusijidanganye kuhusu bima: mkataba wake hutaja dereva aliyeidhinishwa, mwenye leseni ya gari lile lile. Ajali ikitokea na daraja si lenyewe, chuo kinaweza kuachwa kibebe mzigo wote, na aliyeumia ndiye anayeteseka akisubiri.

Hatua ya 2: Cheti cha maadili mema

Hiki ni cheti cha polisi kinachoonyesha kama mtu ana rekodi ya jinai. Omba kwenye eCitizen, lipa, chapisha fomu ya C24 pande mbili za karatasi moja, kisha nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, ukapigwe alama za vidole. Kisumu, Nakuru na Kakamega zote zipo. Nenda asubuhi. Mwenye vidole vilivyopasuka kwa kazi ya gereji avipake mafuta siku chache kabla, kwa sababu mistari isiposomeka atarudishwa.

Hatua ya 3: Huduma ya kwanza

Nafasi za udereva katika utumishi wa umma kwa kawaida hudai cheti cha huduma ya kwanza cha wiki isiyopungua moja, kutoka St. John Ambulance, KIHBT (taasisi ya serikali ya mafunzo ya barabara na ujenzi) au taasisi nyingine inayotambuliwa. KIHBT ina kampasi Kisii, kwa hiyo hakuna haja ya kusafiri hadi Nairobi.

Hatua ya 4: Jaribio la barabarani

Mimi sipendi jaribio la kuzunguka uwanja wa chuo. Mpeleke Riat, kwenye mlima ulio nje ya Kisumu. Kupanda si kitu. Mtazame akiteremka kuelekea Mamboleo. Dereva mzuri hushusha gia kabla mteremko haujaanza, injini ikashika gari, na mguu ukagusa breki kidogo kidogo. Anayekanyaga breki mfululizo mpaka harufu ya kuungua iingie ndani arudi kufundishwa. Anayeweka gia huru ili kuokoa mafuta hapewi funguo kabisa; tabia hiyo imeua watu wengi kule Salgaa na Sachangwan, kwenye miteremko ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret.

Kabla ya kuondoka, mwache akague gari mwenyewe bila kuambiwa: mafuta ya injini, maji, magurudumu, taa. Usimkumbushe.

Safari ndefu iwe na madereva wawili wenye daraja, na gari liwe limefika kabla ya giza. Machi 30, 2023 basi la Chuo Kikuu cha Pwani lilipata ajali Naivasha likielekea Eldoret. Machi 18, 2024 wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walifariki katika ajali ya Maungu, karibu na Voi. Ninapong'ang'ania dereva wa pili na idara ikilalamika posho, familia hizo ndizo ninazofikiria.

Hatua ya 5: Idhini na tiketi ya kazi

Mhadhiri, hata awe profesa, anahitaji idhini ya maandishi kutoka ofisi ya uchukuzi kabla ya kushika usukani, na nakala iende kwa anayeshughulikia bima. Tiketi ya kazi ijazwe kabla gari halijatoka getini: jina la dereva, abiria, safari, mailiji ya kuanzia, sahihi ya aliyeidhinisha. Kama madereva ni wawili, majina yote mawili yaandikwe, na kila mmoja atie sahihi pale anapopokea usukani.