Kupima kioo kwa eksirei: osha kwanza

Papa mmoja, yaani mzee, wa soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, aliniletea shanga ya kioo ya buluu nimpimie. Nikachukua spektromita ya mkono, mashine ya eksirei inayoonyesha elementi zilizomo, tunayopimia malakiti (jiwe la shaba), mimi naiita bastola. Ikasoma shaba 2%. "Papa, rangi hii ni ya shaba," nikasema kwa kujiamini. Baadaye nikaiosha, nikarudia: shaba karibu yote ilikwenda na maji. Nilikuwa nimepima vumbi la njiani.

Kwa hiyo osha. Vumbi letu lina shaba na kobalti, haifai kubahatisha. Kisha tafuta upande bapa, ukae umegusa kidirisha cha mashine. Kioo cha zamani kipimwe penye mvunjiko mpya, maana ngozi yake ya juu hupoteza sodiamu, na silikoni unayoisoma inatoka kwenye unene mdogo kuliko unywele.

Sodiamu ndiyo kero. Kioo cha dirisha kina oksaidi yake kama 13%, ila mionzi yake ya keV 1.04 (keV ni kipimo cha nishati) ni dhaifu mno, inamezwa na hewa kabla haijafika. Programu nyingine huzinyoosha namba zilizobaki zifike 100 kimya kimya, nawe unaondoka na silikoni ya uongo. Gesi ya heliamu husaidia kwenye mashine zinazoikubali. Boroni ya Pyrex, kioo cha kuhimili joto, usiitafute kabisa kwa bastola.

Sasa buluu, inayoweza kutoka kwa shaba au kobalti. Usiamini jedwali la namba, fungua mchoro wenyewe, ambapo kila elementi ina vilele vyake. Kobalti iko keV 6.93, na kilele cha pili cha chuma kiko 7.06, vinapandana. Mimi hufanya hivi: nalinganisha vilele viwili vya chuma. Cha pili kwa kawaida ni kama sehemu moja ya saba ya cha kwanza (6.40). Kikivimba kupita hapo, kobalti imo.

Kabla na baada ya kazi pima kioo cha rejea, yaani ambacho viambato vyake vinajulikana, mfano SRM 620 ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani. Namba zikihama, rudia yote.

Ukitaka sodiamu na elementi zilizomo kwa kiasi kidogo kabisa, kuna leza na ICP-MS, mashine ya maabara inayotenganisha atomi kwa uzito: leza inachimba kishimo cha maikromita 50 hadi 100 tu, na hulazimiki kuyeyusha kioo kwa asidi ya haidrofloriki, ambayo binafsi siigusi.

Shanga ilikuwa ya kobalti. Papa akauliza kama kobalti hiyo ni ya Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti. Bastola haijibu hilo.