Namna ya Kuomba kwa Zaburi Wakati wa Msiba

Mara nyingi ni baada ya matanga kuondolewa, wageni wakiwa wameshaaga na simu za pole zimepungua, ndipo mfiwa anapogundua kwamba hawezi kuomba. Sala alizozizoea hazimtoki, na kule kuambiwa na kila aliyefika msibani kwamba kazi ya Mungu haina makosa kumemfanya aone aibu kulalamika hata akiwa peke yake mbele za Mungu. Ikiwa ndivyo ulivyo, anza na malalamiko hayo hayo, kwa maana Biblia imekwisha kukuandalia maneno yake.

Fungua Zaburi ya 13. Ina aya sita tu, hivyo hata mtu aliyechoka anaweza kuimaliza. Isome kwa sauti, polepole, katika saa ambayo huzuni hukuzidia, iwe ni alfajiri au usiku kabla ya kulala. Katika aya mbili za kwanza Daudi anamwuliza Mungu mara nne, "Hata lini?", na kila ufikapo hapo simama kidogo, kisha utaje jambo lako kwa jina lake. Mjane anaweza kusema: hata lini nitaamka usiku na kupapasa upande wake wa kitanda, na hata lini nitamdanganya mtoto kwamba karo ya muhula ujao ipo? Usiyapambe maneno yako ili yafanane na sala za kanisani. Anayeuliza hivyo hajaacha imani. Anayemwuliza ndiye Mungu anayemwamini, na baada ya swali anaendelea kumwita "Mungu wangu".

Aya ya tano inageuka ghafla na kutaja tumaini katika fadhili za Mungu, na hapa ndipo wengi hujilazimisha. Zaburi haisemi kwamba shida imekwisha. Adui bado yupo, na jibu halijatajwa. Ukiweza kuisema aya hiyo, iseme, hata kama moyo haujaifikia. Usipoweza, ishia katika aya ya nne na urudi kesho, au uhamie Zaburi ya 88, inayohusishwa na Hemani Mwezrahi, ambayo inamalizikia gizani bila neno la furaha na bado imehesabiwa kuwa sala. Kwa maoni yangu, Zaburi hiyo ingesomwa mara nyingi zaidi katika ibada zetu za mazishi. Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alilia kwa maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22, kwa hiyo Mkristo anayeuliza kwa nini ameachwa anatumia maneno ambayo Bwana wake aliyatumia kabla yake.

Mwili nao usisahauliwe. Katika 1 Wafalme 19, Eliya alipoketi chini ya mti jangwani na kuomba afe, Mungu hakuanza kwa kumkemea wala kumfundisha. Eliya alilala, malaika akamgusa na kumwambia ale, naye akakuta mkate na maji, akala, akalala tena, na malaika akaja mara ya pili. Maswali yalikuja baadaye, huko Horebu. Basi kula uji hata kama huusikii utamu, na ulale unapopata usingizi. Ukiona nawe unatamani kufa, mweleze mtu wa karibu siku hiyo hiyo na umwone daktari pamoja na mchungaji au padre wako, kwa kuwa tiba haipunguzi imani ya mtu.

Hatimaye, mwombe mtu mmoja unayemwamini, labda kutoka jumuiya yako, aje kukaa nawe mara kwa mara baada ya wengine kutawanyika. Mwambie mapema kwamba humhitaji aeleze sababu ya msiba wako. Rafiki za Ayubu walifanya vyema walipoketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kumwambia neno. Waliharibu walipoanza kueleza, na mwishoni Mungu akawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa. Mgeni wako akiona ni lazima aseme kitu, mpe Biblia, msome Zaburi ya 13 kwa kupokezana aya, yeye akianza.