Walimu wenye watoto: asubuhi ya kwanza shuleni Maskati

Mwalimu anayehamia Oman na familia yake ana shida ambayo mhasibu au nesi hana: siku ya kwanza ya watoto wake shuleni ndiyo siku ambayo yeye mwenyewe hawezi kukosa kazini. Saa moja asubuhi mwanao yuko mlangoni mwa darasa asilolijua, na wewe uko mbele ya watoto wa wenzio, unaita majina ambayo ulimi bado haujayazoea. Kama baba na mama nyote ni walimu, basi hakuna wa kumshika mtoto mkono. Ndiyo maana mengi ya siku hiyo humalizwa kabla haijafika, mengine mkiwa bado Dar au Nairobi.

Anza na mkataba. Shule nyingi za binafsi na za kimataifa huwapunguzia walimu wao ada, lakini punguzo lina sura nyingi. Ni kwa watoto wangapi? Ni ada yote au nusu? Basi, vitabu na sare vimo? Na kubwa kuliko yote: nafasi ya mtoto imeshawekwa, au ni "ikipatikana"? Mambo haya yaandikwe kabla hujatia saini. Ahadi ya mdomo uliyopewa kwenye usaili wa video haitakusaidia Agosti. Jambo jingine ambalo watu hulikuta uwanja wa ndege: mke au mume aliyeingia kwa viza ya kufuata familia haruhusiwi kufanya kazi kwa viza hiyo. Kama naye ataajiriwa kufundisha, atahitaji viza yake ya kazi.

Makaratasi hayana njia ya mkato. Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, cheti cha ndoa na vyeti vyenu vya taaluma hupitia kwanza kwa waliovitoa au wanaovihakiki, kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yenu, kisha ubalozi wa Oman. Kwa Tanzania Bara vyeti vya kuzaliwa huhakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Vyeti vya mitihani huenda baraza la mitihani, NECTA, na kwa Kenya KNEC. Mpangilio huo haupinduliwi, ubalozi hautagonga muhuri juu ya karatasi ambayo wizara haijaigusa. Ongeza ripoti za shule za miaka miwili ya karibuni, barua ya uhamisho yenye muhuri, kadi ya chanjo na picha za pasipoti nyingi kuliko unavyodhani. Kadi ya kliniki ile ya zamani iliyochakaa ndiyo hasa itakayoulizwa na nesi wa shule, kwa hiyo usiiache kwa bibi. Tafsiri ya Kiarabu fanyeni huku huku Maskati, kwenye ofisi ya tafsiri yenye leseni.

Suala la darasa lina ubishi wake. Mwaka wa masomo Tanzania na Kenya huanza Januari, huku huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba. Mtoto aliyekatisha Darasa la Tatu katikati lazima asogezwe mbele nusu mwaka au arudishwe nyuma nusu mwaka. Juu ya hapo, shule za mtaala wa Kiingereza huhesabu miaka kwa namna yao: Mwaka wa Pili wao ni sawa na Darasa la Kwanza kwenye mfumo wa Kimarekani, kwa hiyo usifurahi wala usikasirike kabla hujauliza umri wa watoto waliomo. Maoni yangu ni haya. Mtoto mdogo aliyesoma kwa Kiswahili, mkubali arudi nyuma. Nusu mwaka wa kuzoea Kiingereza cha darasani utamfaa kuliko sifa ya kupandishwa. Lakini kijana aliyekaribia mtihani mkubwa, huyo mpiganie, nenda na madaftari yake mkononi.

Halafu kuna majina. Fomu za huku hufuata mpangilio wa jina la mtoto, la baba, la babu, kisha la ukoo. Salma Juma Haji kutoka Tanga hupita bila swali. Grace Achieng Odhiambo atapata taabu, kwa kuwa karani atachukulia kwamba Achieng ni baba yake. Kaa na karani, mweleze polepole, na uangalie anachoandika. Tena Kiarabu hakina herufi za p na v, hivyo Patrick huwa Batrik. Kadi ya ukaazi inayotolewa na Polisi wa Kifalme wa Oman huandikwa jina kwa Kiarabu pia. Ikishatoka, maandishi hayo hayo ndiyo yatumike shuleni, kliniki na kwenye bima. Mtoto mwenye tahajia tatu tofauti atakusumbua miaka.

Sasa wiki ya dhahabu. Walimu huripoti siku kadhaa kabla ya wanafunzi, kwa mikutano, kupanga ratiba na kupamba madarasa. Wiki hiyo wengi huwaacha watoto nyumbani na katuni. Usifanye hivyo. Kama watoto watasoma shuleni kwako, omba ruhusa uje nao siku moja, watembee kutoka geti hadi darasani, wajue choo kiko wapi, wapi pa kunywa maji, na basi husimama upande gani. Kama wako shule nyingine, ombeni kuitembelea mchana, baada ya mikutano yenu. Mtoto aliyekwisha kuona mlango wa darasa lake akiwa na baba yake, siku ya kwanza huingia hata ukiwa maili kumi mbali. Siku hizo pia jaribuni barabara saa ile ile mtakayotumia. Maskati ni mji mrefu uliojinyoosha kando ya bahari, na anayekaa Seeb akafundisha Ruwi ataijua Barabara ya Sultan Qaboos kwa machungu yake.

Juma la kazi ni Jumapili hadi Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko, tangu 2013. Saudia, Qatar na Kuwait ni hivyo hivyo. Emirates walibadili Januari 2022, wakaenda Jumatatu hadi Ijumaa, na Ijumaa ni nusu siku. Kwa Wakristo waliozoea Jumapili hili hugusa: makanisa ya Maskati, yaliyoko Ruwi na Ghala, hujaa Ijumaa.

Asubuhi yenyewe, mvalishe mtoto sare nyepesi lakini tia sweta kwenye begi. Nje jua la Septemba bado linachoma, ndani kiyoyozi huwagandisha watoto. Chupa ya maji isisahaulike. Pesa ya kantini mpe noti ya baisa 500, yaani nusu riyali. Riyali moja ina baisa 1000 na ni kama dola 2.6 za Marekani, kwa hiyo usimpe mtoto wa miaka saba riyali tano ukidhani ni hela ya maandazi. Tarakimu za Kiarabu mfundishe kabla: sifuri yao ni nukta, na tano yao ni duara linalofanana na sifuri yetu. Kwenye namba ya basi au ya chumba, makosa hayo humpeleka mtoto pengine kabisa. Na neno moja ambalo kila mtoto aondoke nalo nyumbani ni hammam, choo. Wapo wanaojizuia mchana kutwa kwa sababu hawajui kuomba.

Wewe je? Baba avae shati la mikono mirefu na tai. Mama avae nguo ndefu yenye mikono mirefu, isiyobana. Usimpe mkono mwenzako wa jinsia nyingine mpaka yeye autoe kwanza. Weka kiganja kifuani na utabasamu, inatosha. Kwenye shule za serikali wavulana na wasichana hutenganishwa kuanzia darasa la tano, na wavulana huvaa kanzu na kofia. Shule nyingi za kimataifa huchanganya. Kwenye chumba cha walimu utapewa kahawa nyepesi yenye hiliki, na tende au halua. Pokea kwa mkono wa kulia, na ukitosheka tikisa kikombe kidogo unapokirudisha. Usipokitikisa utamiminiwa tena.

Tahadhari moja ambayo nasema kwa msisitizo: msisengenye kwa Kiswahili. Mwaka 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani, nchi ilikuwa na shule 3 tu. Aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga, na wengi walitoka Zanzibar, wengine Kenya, Burundi, Rwanda na Kongo, wakaingia maofisini na madarasani. Watoto na wajukuu wao wapo hadi leo. Yule mama wa mapokezi aliyejitanda abaya nyeusi, aliyewasikiliza mkilalamika juu ya mkuu wa shule, huenda akawajibu kwa Kiunguja safi kuliko chenu. Uzuri wake ni kwamba ukimwamkia "Shikamoo, bibi" na akajibu "Marahaba, mwanangu", umepata mtu wa kukuelekeza.

Fimbo iache kwenu. Mwalimu aliyetoka Tanzania, ambako viboko shuleni bado vinaruhusiwa kwa masharti, aelewe kwamba huku hata kumfinya mtoto sikio kunaweza kumpotezea kazi. Kenya walishapiga marufuku 2001, ila mikono mingine bado ina mazoea. Usipige picha za wanafunzi kwa simu yako pia, hata kama wamependeza.

Wazazi Waislamu, waambieni watoto kabla hawajafika kwenye swala ya adhuhuri: Waomani wengi ni Ibadhi, madhehebu tofauti na Sunni, nao huswali mikono ikining'inia ubavuni. Mtoto wa Kishafii aliyezoea kufunga mikono atashangaa, pengine atamsahihisha mwenzake. Mwambieni mapema kwamba Ibadhi na Sunni huswali safu moja huku bila ugomvi, afunge yake.

Mchana, kama saa nane, watoto watakuwa wamerudi, na maduka mengi madogo yamefungwa hadi kama saa kumi, kwa hiyo chakula kiwe kimepikwa usiku wa jana. Waache wale na walale kwanza. Baadaye uliza mambo madogo: ulikula nini, ulikaa na nani, dereva wa basi anafananaje. "Shule ilikuwaje?" hujibiwa "nzuri" na mazungumzo yakaishia hapo.

Kama mwanao yuko shuleni kwako, kishawishi kitakuja siku ya pili au ya tatu: umalize kipindi, upite dirishani mwa darasa lake, umchungulie. Mwalimu wake atakuona, na mtoto akikuona atalia. Ukitaka kujua anaendeleaje, nenda kwa karani uombe miadi kama mzazi mwingine yeyote, mkutane Alhamisi baada ya masomo, mwalimu akiwa na daftari la mtoto mezani.