Somo: Namna ya Kusoma Jedwali la Virutubishi katika Baa za Protini

Baa za protini, yaani vipande vya kutafuna vilivyotiwa protini, zimeshatoka katika vyumba vya mazoezi na kuingia katika maduka ya kawaida ya Mjini, zikipangwa rafu moja na biskuti na chokoleti, na bei ya kipande kimoja aghalabu inatosha kununulia mayai kadhaa. Kwa kuwa nyingi huagizwa kutoka nje, lebo zake hufuata sheria za huko zilikotengenezwa, hivyo mnunuzi wa Unguja au Pemba hana budi kujua kuzisoma mwenyewe. Upande wa mbele wa pakiti ni tangazo tu, tugeuze nyuma.

Hatua ya kwanza: tazama uzito na safu

Lebo za Ulaya na Uingereza huwa na safu ya gramu 100, na mara nyingi safu ya pili ya kipande kimoja. Safu ya gramu 100 inafaa kulinganishia bidhaa mbili, lakini haisemi utakachokula: kipande cha gramu 60 kilichoandikiwa gramu 33 za protini kwa kila gramu 100 kina gramu 20 tu. Lebo za Marekani hutumia kipimo cha kuliwa mara moja, basi hakikisha kipimo hicho ndicho kipande kizima.

Hatua ya pili: pima protini kwa nishati yake

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Gramu moja ya protini hutoa kilokalori 4, ya wanga vilevile 4, na ya mafuta 9. Zidisha gramu za protini kwa 4, kisha gawanya kwa kilokalori zote za kipande. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inamruhusu mtengenezaji kudai kwamba bidhaa ni chanzo cha protini ikiwa angalau asilimia 12 ya nishati yake inatokana na protini, na kudai kwamba ina protini nyingi ikiwa ni asilimia 20 au zaidi.

Tuchukue mifano miwili. Kipande cha kwanza kina protini gramu 20 na kilokalori 224: mara 4 ni 80, sawa na asilimia 36 hivi. Cha pili kina protini gramu 6, sukari gramu 13 na kilokalori 197: mara 4 ni 24, sawa na asilimia 12. Hicho cha pili kinastahiki kisheria kuitwa chanzo cha protini, ilhali kwa hakika ni chokoleti iliyotiwa njugu. Yai moja lina protini gramu 6 kwa kilokalori 70 tu, yaani asilimia 34, na pweza aliyepikwa hutoa karibu gramu 30 kwa kila gramu 100, akiwa na mafuta kidogo mno.

Hatua ya tatu: chunguza protini imetoka wapi

Viambato huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Protini ya maziwa, ya mayai na ya soya zina asidi amino (vijenzi vya protini) zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Kolajeni na jelatini, zinazotokana na ngozi na mifupa, hazina kabisa asidi amino iitwayo triptofani, na mwili hauwezi kuzitegemea peke yake. Hata hivyo huhesabiwa katika jedwali gramu kwa gramu, kwa sababu maabara hupima naitrojeni iliyomo katika protini na kuizidisha kwa 6.25, bila ya kujali imetoka wapi.

Lebo ya Marekani hapa inasaidia. Mtengenezaji akitangaza protini kwenye pakiti, hulazimika kuonyesha pia asilimia ya mahitaji ya siku iliyorekebishwa kwa ubora, na mahitaji hayo yamewekwa kuwa gramu 50. Gramu 20 za protini bora zitasomeka asilimia 40. Ukikuta gramu 20 zimeandikiwa asilimia 15, fahamu kwamba sehemu kubwa ni ya daraja la chini.

Hatua ya nne: wanga, sukari na nyuzinyuzi

Marekani hujumuisha nyuzinyuzi ndani ya wanga, na Ulaya huzitenga, kwa hiyo usilinganishe mistari hiyo miwili moja kwa moja. Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani linashauri sukari huru (inayoongezwa katika chakula, pamoja na ya asali na maji ya matunda) isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Usidanganyike na maneno kwamba sukari haikuongezwa: baa iliyoshikanishwa kwa tende inaweza kuandikwa hivyo, na tende kavu ni sukari kwa zaidi ya nusu ya uzito wake.

Hatua ya tano: mafuta

Angalia mafuta yaliyoshiba (kwa Kiingereza saturates au saturated fat), hasa katika baa zilizopakwa chokoleti. Kiwango cha rejea cha Ulaya ni gramu 20 kwa siku. Kipande chenye gramu 5 kimeshachukua robo yake.

Maswali ya wanachama

*Swali (Wete):* Assalaam alaykum, mwalimu. Kila nikila kipande kisicho na sukari tumbo huunguruma, na nikila viwili huharisha. Je, vimeharibika?

*Jibu:* Waalaykum salaam. Si lazima viwe vimeharibika. Tafuta maltitoli au sorbitoli katika viambato. Vitamu hivi havifyonzwi vyote. Vinavyobaki huvuta maji ndani ya utumbo na kuchachuliwa na bakteria. Ulaya, bidhaa yenye zaidi ya asilimia 10 ya vitamu vya aina hiyo hulazimika kuandikwa onyo. Kula nusu, au chagua chenye eritritoli, ambayo sehemu kubwa hufyonzwa kabla ya kuwafikia bakteria hao.

*Swali (Jang'ombe):* Mama yangu ana kisukari. Je, hizo za maltitoli anaweza kula bila ya wasiwasi?

*Jibu:* Hapana. Maltitoli hupandisha sukari ya damu, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko sukari ya kawaida. Aulize kwanza kwa daktari wake.

*Swali (Chake Chake):* Nitajuaje kama ni halali?

*Jibu:* Kolajeni na jelatini huweza kutoka kwa ng'ombe, nguruwe au samaki, na hata ikiandikwa ya ng'ombe lebo haisemi alichinjwaje. Gliserini, inayotiwa kuilainisha baa, nayo huweza kutoka kwa mimea au wanyama. Tafuta alama ya halali ya taasisi inayojulikana. Ikikosekana na viambato hivyo vimo, mimi siinunui.

*Swali (Makunduchi):* Bibi yangu hupika kashata za njugu. Je, haziwezi kushika nafasi ya baa hizi?

*Jibu:* Tupige hesabu ileile. Kashata ya gramu 50, nusu njugu na nusu sukari, ina protini gramu 6 na nusu kwa kilokalori 240 hivi, yaani asilimia 11: haifiki hata kiwango cha chini cha Ulaya, na sukari yake ni gramu 25 zile za siku nzima. Njugu zikiwa gramu 40 na sukari 10, protini hupanda hadi gramu 10, na asilimia hufika 15. Mwambie bibi ajaribu, ingawa atakuuliza kashata hiyo itashikana na nini.