Jinsi ya kuomba msimbo wa ini lenye mafuta urekebishwe

Mjomba wangu wa Majengo, mtu wa swala tano, alirudi kutoka hospitali moja hapa Mombasa na karatasi iliyoandikwa K70.0. Mjukuu wake akatafuta kwenye simu maana yake, nyumba nzima ikanyamaza. Huo ni msimbo wa ini lenye mafuta yaliyoletwa na pombe, na mzee hajui hata mnazi una ladha gani.

Alichostahili ni K76.0: ini lenye mafuta, pombe haimo. Misimbo hiyo ni ya toleo la 10 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Hospitali zinazotumia toleo la 11, lililoanza kazi 2022, huandika DB92 kwa ini la mafuta lisilo la pombe, na DB94 kwa maradhi ya ini ya pombe. Kwa hivyo soma karatasi yako kabla hujaondoka dirishani.

Ukikuta kosa, anza na daktari. Wengi huenda moja kwa moja kwa karani wa rekodi, wakapoteza nauli ya tuktuk bure. Karani hugeuza maneno ya daktari kuwa msimbo, basi. Hawezi kuubadilisha kwa sababu umemlilia. Na picha ya ultrasaundi huonyesha mafuta tu, haisemi yametoka wapi. Sababu hujulikana kwa kuulizwa: unakunywa? kiasi gani? una sukari? uzito je? Mjomba hakuulizwa hata moja. Mwombe daktari akuulize sasa, aandike majibu kwenye faili, atie sahihi na tarehe. (Kama unakunywa, sema kweli. Hapo K70.0 huenda si kosa, na matibabu yanategemea jibu lako.)

Halafu andika barua fupi kwa idara ya rekodi: jina, namba ya mgonjwa, tarehe ya matibabu, kisha ombi lenyewe, mathalani: “Naomba msimbo K70.0 urekebishwe uwe K76.0 kulingana na maelezo ya daktari niliyoambatisha.” Usitie matusi, hata kama moyo unachemka. Ambatisha nakala ya kitambulisho na ripoti ya picha. Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kuomba marekebisho hayo, na kanuni zake za 2021 zinawapa siku 14 za kuyafanya.

Ikiwa madai ya malipo yalishatumwa SHA (mamlaka ya serikali ya bima ya afya) au kwa bima ya kazini, kurekebisha faili hakutoshi. Omba wayatume upya, nawe upewe nakala. Wakikataa, wakupe sababu kwa maandishi, uipeleke kwa Kamishna wa Data pamoja na ile barua yenye muhuri.

Mjomba alipopata karatasi mpya alitaka kuichana ya zamani. Nikamnyang'anya: ndiyo ushahidi.