Namna ya Kuwasimulia Watoto Maisha ya Ladi Kwali, Mfinyanzi wa Nigeria

Mzazi au mwalimu wa Moshi anayetaka kuwasimulia watoto wa darasa la pili au la tatu maisha ya Ladi Kwali asianze na mwaka wa kuzaliwa, ambao hutajwa kwa kukadiria tu kuwa 1925, bali aanze na chungu. Apite sokoni, Mbuyuni au kwingineko, anunue chungu kidogo cha udongo cha aina ile wanayofinyanga akina mama wa Upareni, akiweke katikati ya watoto na kuwaacha wakishike mpaka mmoja wao aulize kimetengenezwaje.

Swali hilo likishaulizwa, awapeleke kijijini Kwali, katikati ya Nigeria, miongoni mwa Wagbagyi, ambako ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake na Ladi alijifunza tangu utotoni kwa mwanamke wa ukoo wake. Sehemu hii isiharakishwe. Ladi hakutumia gurudumu: alididimiza ngumi katika bonge la udongo hadi likawa na tumbo, akaongeza misokoto, yaani udongo uliosokotwa kama kamba, mmoja juu ya mwingine, huku chungu kikiwa kimetulia na yeye ndiye anayekizunguka. Watoto waigize jambo hilo kwa kuizunguka ndoo iliyofunikwa juu ya kigoda, kwa kuwa mwendo huo huwakaa akilini kuliko maelezo yoyote. Kisha waambiwe kuhusu michoro aliyoikwaruza kabla udongo haujakauka: mijusi, nge, nyoka, vinyonga, ndege na samaki. Kwa kawaida watoto huchangamkia nge kwanza, nao waachwe wamchore.

Panapohitaji uangalifu ni pale anapoingia Mwingereza Michael Cardew, aliyeanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi Abuja. (Abuja hiyo ndiyo Suleja ya leo, si mji mkuu, na mtoto anayezijua ramani atauliza.) Wasimulizi wengi huifanya sehemu hii ionekane kama kwamba Ladi aligunduliwa na mgeni, ilhali Cardew aliviona vyungu vyake mwaka 1950 katika jumba la Emir, mtawala wa jadi wa Abuja, ambako vilikuwa vimeshapewa nafasi ya heshima. Basi mtoto asikie kwanza kwamba Ladi alikuwa fundi anayejulikana kwao, halafu ndipo aelezwe kwamba mwaka 1954 alijiunga na kituo hicho akiwa mwanamke wa kwanza. Huko mitungi yake iliendelea kufinyangwa kwa mkono, lakini michoro ilijazwa rojo jeupe la udongo, na badala ya moto wa wazi wa kuni na nyasi ikachomwa katika tanuri lenye joto kali, ikatoka na ngozi inayong'aa kama kioo.

Nishani ya Uingereza ya mwaka 1962 na shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello ya mwaka 1977 zatosha sentensi moja, maana mtoto wa miaka minane hajali vyeti. Anachojali ni pesa: aonyeshwe picha ya nyuma ya noti ya naira 20, amtafute Ladi akiwa na chungu chake. Alifariki mwaka 1984, na hilo lisemwe waziwazi bila kuzungushwa.

Baadaye watoto wafinyange. Udongo wa kichuguu, ukishapepetwa, ukaloweshwa na kukandwa hadi usishike tena vidoleni, unafaa kwa kazi hii. Kila mtoto apewe bonge la ukubwa wa chungwa na njiti ya kukwaruzia. Misokoto ifanywe minene kama kidole gumba, na maungio yapakwe maji kidogo, la sivyo yataachana. Vyungu vikaushwe kivulini kwa siku kadhaa, kwani jua la mchana huvipasua, na visitiwe maji, kwa sababu bila kuchomwa vitarudi kuwa tope.