Somo: Jinsi ya kupata fedha za kuwapeleka wanafunzi maabara ya chuo kikuu

Wapendwa walimu na wazazi, hamjambo.

Nafundisha kemia katika shule ya kutwa upande wa Njoro, Nakuru. Tangu darasa langu la kidato cha tatu lipime floridi ya maji ya kwao katika maabara ya chuo kikuu, nimeulizwa na wengi pesa zilitoka wapi. Naandika hapa mara moja, ili kila mtu asome.

Kwa wasioishi huku: visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi inayotoka kwenye miamba ya volkeno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi sana hapo wakati meno yake ya ukubwani yangali yanajijenga, yanaota na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Darasani kwangu wapo wanaocheka wakiwa wamefunika mdomo kwa kiganja. Nilitaka watoto hao wajue, kwa mikono yao wenyewe, kilichowafika.

Hatua ya 1: Anza na swali

Mfadhili akisoma "ziara ya kimasomo" anaona basi na soda. Akisoma "wanafunzi 24 watapima floridi katika maji ya visima vya vijiji vyao" anaona kazi. Swali litoke nyumbani kwa wanafunzi. Walio Kisumu wana gugumaji na ziwa, walio Busia na Siaya wana kiduha, gugu linalonyonya mahindi, sisi tuna floridi.

Hatua ya 2: Omba saa, usiombe mashine

Hapa ndipo wengi tunakosea. Nilipoulizia bei ya mita na elektrodi ya floridi (kijiti cha kuchovya majini kinachounganishwa na mita) niliambiwa zaidi ya laki moja, kabla ya kemikali zake. Hata ningeipata, ingetumika siku mbili kwa mwaka, kisha ikauke kabatini kama vifaa vingine vingi tulivyowahi kupewa. Chombo hicho hicho kipo chuoni, na kuna siku nzima hakina mtu. Kinachokosekana ni saa zake, mtu wa kukiendesha, na nauli ya kukifikia.

Vyuo vingi duniani vina maabara za pamoja zenye bei ya saa: bei moja kwa watafiti wa chuo, nyingine kwa vyuo vingine, na ya juu zaidi kwa kampuni. Uliza kama shule mnaweza kuwekwa kwenye bei ya ndani. Huku kwetu hatuko mbali na vyuo: Egerton iko Njoro, Maseno iko njia ya Kisumu kwenda Busia, Masinde Muliro Kakamega, Kibabii Bungoma, Jaramogi Oginga Odinga Bondo. Usiende na dhana kwamba chuo fulani kina chombo fulani. Piga simu idara husika, uulize kipo na kinafanya kazi leo.

Hatua ya 3: Onana na fundi wa maabara kabla ya profesa

Profesa ataweka sahihi. Fundi ndiye anayejua elektrodi ipi imechoka, kama maji yaliyotoneshwa yapo, na Jumamosi ipi chumba kiko wazi. Nenda ukamwamkie, ukae naye, muandike orodha ya vitu pamoja. Na malipo yake yaandikwe kwenye bajeti. Kumpa mtu kazi ya Jumamosi nzima kwa "asante" ni dhuluma, na mwaka wa pili hatapokea simu yako.

Hatua ya 4: Bajeti

Huu ni mfano tu. Bei za kwenu ziulizeni. Wanafunzi 24, makundi 6 ya watu wanne, siku moja. Mafuta ya basi na dereva, sh 12,000. Fundi wa maabara, saa 6 kwa sh 1,000, ni sh 6,000. Ada ya chombo, saa 5 kwa sh 1,200, ni sh 6,000. Bafa (myeyusho wa kuchanganya na sampuli), myeyusho wa vipimo (wenye floridi ya kiasi kinachojulikana) na chupa za plastiki, sh 5,500. Chakula cha watu 28 kwa sh 200, ni sh 5,600. Glavu na miwani ya kinga, sh 1,900. Jumla sh 37,000, yaani kama sh 1,540 kwa kila mwanafunzi. Hiyo hesabu ya mwisho iwe kwenye sentensi ya kwanza ya barua yako.

Hatua ya 5: Kwa nani

Mlango usiojulikana sana ni ruzuku ya mtafiti mwenyewe. Nchini Marekani, NSF, shirika la serikali linalofadhili sayansi, tangu 1997 hupima kila ombi kwa vigezo viwili: uzito wa kisayansi na manufaa kwa jamii. Kwa hiyo mhadhiri wa kwetu anayeshirikiana na chuo cha huko ana sababu nzuri ya kuwafungulia wanafunzi mlango na kuandika siku yenu ndani ya bajeti ya mradi. Muulize mapema, kabla hajatuma ombi lake. Akishapewa fedha, kubadili vifungu huwa vigumu.

Wengine ni waliosoma shuleni kwenu, sako (vyama vya akiba na mikopo) za walimu na wakulima, kampuni za mtaani, makanisa na misikiti. Mtu ambaye hatatoa 37,000 anaweza kulipia kundi moja la watu wanne, takriban sh 6,170. Nusu ya fedha zetu zilipatikana hivyo, kundi kwa kundi.

Hatua ya 6: Pesa zifike chumbani

Hili lilituumiza. Mara ya kwanza tulilipa ada kwenye akaunti kuu ya chuo kimoja, tukapewa risiti, tukafurahi. Siku ya kwenda tulikuta mlango umefungwa. Fundi hakuwa na habari yoyote. Pesa zilikuwa zimeingia kwenye hazina ya jumla na hakuna aliyemwambia. Alipopatikana ilikuwa saa saba mchana, kemikali hazijanunuliwa. Watoto walisimama ukutani na kuoneshwa mashine kwa kidole. Njia nzima ya kurudi basi lilikuwa kimya.

Tangu siku hiyo, barua yangu inataja jina la maabara, tarehe, saa na kifungu cha matumizi, na nakala inakwenda kwa mkuu wa idara, mhasibu na fundi. Siku tatu kabla ya safari napiga simu kwa fundi mwenyewe.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Safari iliyofanikiwa, kila mwanafunzi alikuja na maji ya kwao kwenye chupa ya plastiki yenye namba. (Msitumie chupa za glasi, floridi huweza kushambulia glasi.) Kila sampuli ilichanganywa nusu kwa nusu na bafa, inayofanya kiwango cha asidi kisibadilike na kuiachanisha floridi na aluminiamu na chuma, ili yote ipimike. Kisha elektrodi inachovywa, maji yanakorogwa polepole, mnasubiri namba itulie.

Walianza na myeyusho unaojulikana. Miligramu 1 ya floridi kwa lita ilisoma milivolti 95, miligramu 10 ikasoma 37. Floridi ikiongezeka mara kumi, namba hushuka karibu 58 au 59. Msichana mmoja, ambaye hisabati humtoa machozi, akainua kichwa: "Mwalimu, hii ni logi!" Ndiyo, ni logi ile ile ya jedwali la hisabati. Akachora mstari wake. Zamu yake ilipofika akachovya maji ya kisima cha kwao. Namba ikashuka 70, 61, 55, ikatulia 52. Akateremka na rula kwenye grafu yake: miligramu 5.5. Alikaa akiitazama hiyo 5.5 muda mrefu, ulimi ukipita juu ya meno. Mimi nilitoka nje kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu wa fizikia, Kisumu:* Madam, hongera. Sisi hatuna basi, na kukodi ni ghali kuliko hiyo bajeti yote. Tufanyeje?

*Jibu:* Mwalimu, fundi mmoja kwenye matatu ni rahisi kuliko wanafunzi 24 kwenye basi. Kama chuo kina mita ya kubeba, mlipeni aje nayo. Kwa chombo kisichobebeka, kuna njia ya Bugscope ya Chuo Kikuu cha Illinois, iliyoanza 1999: wanafunzi walituma wadudu, fundi akawaweka kwenye hadubini ya elektroni, nao wakaiendesha kutoka darasani kwa intaneti. Muulize chuo kilicho karibu nawe kama kinaweza kufanya hivyo na shule yenu. Hapo bajeti ni bando, projekta na saa za fundi.

*Mzazi, Rongai:* Mbona usitoze wazazi elfu moja moja tukamaliza?

*Jibu:* Mama, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule kubuni michango yake bila idhini kutoka juu. Zaidi ya hapo, yule asiye na elfu moja ndiye ninayetaka akachovye elektrodi. Mzazi akichangia kwa hiari kupitia bodi, risiti itolewe, na mtoto wa asiyechanga asirudishwe nyumbani.

*Mwalimu, Bungoma:* Tunahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi?

*Jibu:* Sisi tulikwenda kujifunza, hatukuomba. Lakini mhadhiri akitaka kuyatumia matokeo kwenye utafiti wake, leseni ni jukumu lake, na wazazi waombwe idhini. Hata picha: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Wafadhili wanapenda picha. Tuliwapa picha za mikono na vikombe.

*Fundi wa maabara, miaka 19 kazini:* Dada, nimesoma hatua ya 3 mara mbili. Ongeza hili: muda wa kuandaa. Nikipokea darasa saa tatu, nimeanza saa kumi na mbili, na kuosha vyombo kunanifikisha jioni.

*Jibu:* Kaka, umesema kweli, nami nilikosea. Wenzangu, ile hesabu ya saa 6 iwe saa 10. Bajeti inapanda hadi sh 41,000, karibu sh 1,710 kwa mwanafunzi. Ombeni hiyo.

*Mzazi, Njoro:* Mwanangu alirudi akaniambia tuchemshe maji ya kisima. Inasaidia?

*Jibu:* Baba, kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi haitoki; maji yakipungua sufuriani, inazidi kukolea. Maji ya mvua kutoka paani huwa na floridi kidogo sana, mpeni kwanza mtoto mdogo ambaye meno yake bado yanajijenga. Kipimo cha wanafunzi ni cha kujifunzia, kwa hiyo chukueni sampuli mkaipeleke pia kwa ofisi ya afya ya kaunti. Kuna vilevile chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo hunasa floridi. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imelifanyia kazi kwa miaka mingi. Darasa linataka kulijaribu muhula ujao. Chupa mbili za kisima chenu, moja ya maji ya kabla ya chujio na moja ya baada, zinasubiri kujazwa kabatini shuleni, namba 31 na 32, na tunatafuta sh 6,830 za kundi la mwisho.